Wali wa Shangazi na Filta ya Droni

Alhamisi, 13 Novemba

Itangazwe kwa wakazi wote wa Nkende, kuku na mbuzi wakiwemo: droni yangu leo imevaa miwani. Filta nne zimefika, nyeusi, ndogo kama vizibo vya soda. Jua likiwa kali video hurukaruka, watu hutembea kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Filta inapunguza mwanga, mwendo unalainika. Nimejifunza mwenyewe, kwenye simu. Boksi sikulisoma. Boksi ni la wanaoanza.

Jumamosi, 15 Novemba

Ringwani. Harusi ya Chacha, kitinda mimba wa Shangazi Robhi. Asubuhi jua la kuchoma. Nikafunga filta nyeusi kuliko zote, na mipangilio ya kamera nikaifunga isibadilike yenyewe, kama mtaalamu. Tulipanga ngoma ya akina mama itoke uani saa nne. Shangazi akagoma. Wageni kutoka Natta hawajala, na kwake mgeni haondoki na njaa. Wali ukaiva saa nane. Wingu limeshatanda. Akina mama wakatoka wakiimba, Shangazi mbele, anacheza kana kwamba ule mguu mbovu ni wa jirani. Nikarusha droni. Kioo cha simu cheusi. Nikadhani ni macho yangu.

Jumapili, 16 Novemba

Filta sikuitoa.

Nimeifungua video mara tatu, labda ingenionea huruma. Nimejaribu kuing'arisha, imetoka chenga tupu. Mwendo laini ajabu. Giza laini. Shangazi ni doa linaloyumba.

Jumanne, 18 Novemba

Wameitazama, sebule nzima, nyumbani kwa Shangazi. Baba mdogo Mwita akauliza, "Marwa, hii harusi au tumeingia pangoni?"

"Wingu, baba mdogo. Tungetoka saa nne ingekuwa safi."

Wote wakamgeukia Shangazi. Jina lake sikulitaja. Huo ndio ujanja wangu wote. Yeye akatazama mikono yake.

Alhamisi, 20 Novemba

Kwenye kundi la ukoo wamempa jina. "Mama Wali kazima jua." Nimeweka kikatuni cha kucheka. Mimi. Baada ya dakika chache Shangazi amejitoa kwenye kundi.

Ijumaa, 21 Novemba

Amekuja hadi hapa Nkende, na mguu ule, kabeba jogoo. Sijamaliza hata shikamoo. "Baba, unisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Nimepokea jogoo. Nimesema asante. Naiandika nisije nikajidanganya baadaye: nimesema asante.

Jogoo amefungwa mlangoni. Ananiangalia.

Jumapili, 23 Novemba

Nimemrudisha jogoo Ringwani. Nimesema mbele ya wote: si wali, si wingu, ni filta, na nilijua tangu Jumapili iliyopita.

Baba mdogo akauliza polepole, "Kwa hiyo umemwacha dada yangu aitwe Mama Wali, na wewe unacheka nasi?"

Ndiyo.

Shangazi akaomba kuiona hiyo filta. Akaiweka jichoni, akatazama uani, akanirudishia. "Na wewe uliona giza, ukaendelea tu?"

Afadhali angenitukana. Amemwoza mwanawe wa mwisho, ile ngoma haina marudio. Wamenipa chakula. Wali. Hakuna aliyetania.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Sijatoka. Nimesoma boksi. Ubavuni kuna mchoro wa jua, chini yake filta nne. Kando kuna mchoro wa wingu. Chini yake hakuna kitu.