Melkiori, Mama Yako Hakuulizwa

Mwaka umetimia, Melkiori, tangu askari wawili walipokuja hapa Mtaa wa Sikukuu kutuambia kwamba umeuawa vitani Kenya, na kwamba wamekwisha kukuzika huko huko. Mama yako, Severa, aliwauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Mchagga huzikwa kihambani kwao, penye migomba ya babu zake. Wewe umefukiwa msituni kama mzigo ulioanguka njiani, katika vita vya wakoloni, visivyokuwa vyetu.

Majirani walikuja wakasimama mlangoni. Hawakujua watoe pole au wangoje maiti.

Tunakukumbuka dukani kwa mjomba Tarsis, ukipima maharage huku umetega sikio. Maneno ya wateja uliyatia yote katika michezo yako ya kuigiza. Siku Bibi Mauza, jirani yetu, alipoyasikia jukwaani maneno yake mwenyewe ya kulalamikia kibaba kisichojaa, aliinuka katikati ya watu akasema, “We Melkiori, nirudishie mdomo wangu. Kesho nitagombana kwa mdomo gani?” Nawe ukacheka kuliko wote. Hukumpita mtu mzima bila shikamoo, wala hukulala kabla ya kusali rozari na mama.

Mchezo wako wa mwisho uliuandika kabla hujaingia jeshini: mama anakwenda kambini kumdai mwanawe aliyekufa. Mwezi huu wenzako walitaka kuuonyesha. Bwana anayetoa kibali cha ukumbi akasema sehemu ya kambini iondolewe, itachafua nyoyo za watu. Nyoyo za nani? Zetu zimechafuka tangu mwaka jana. Mama alijibu kwamba mtoto wake amekwisha katwa mara moja, hakatwi tena. Ndipo Mzee Hashil, mumewe Bibi Mauza, akatoa ua wake, na magunia matupu yakawa pazia.

Sehemu ile aliicheza mama mwenyewe. Dada yako Josepha alikuwa akimsomea kila baada ya sala ya jioni, hata akayashika maneno yako yote. Alisimama mbele ya askari wa kuigiza akasema:

“Sikuja kulia. Nimekuja kumchukua. Mlipomtaka akiwa hai, mlijua nyumba yetu ilipo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Mauza alikwenda mbele akamshika mama mkono. “Pole, mama Melkiori.” Nyuma yake Mzee Hashil, kisha ua mzima, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka makaburini. Hata yule askari wa kuigiza alivua kofia akaingia katika mstari.

Hayo ndiyo matanga yako, Melkiori. Lakini mwili wako bado tunaudai. Hata Pilato, alipoombwa mwili wa Bwana wetu, aliutoa. Hawa wa jeshi tumewaomba mwaka mzima.

Wanaokukumbuka ni mama yako Severa, dada yako Josepha, mjomba Tarsis na ukoo wote, hapa Kariakoo na kule Kibosho. Kaburi lako lipo wazi mioyoni mwetu, na hatutakusahau daima, wala hatutaacha kukudai.