Gari la Baba Limepakwa Nyekundu

Valjevo, Septemba

Mdogo wangu Tihomir,

Plamu mwaka huu zimezaa hadi matawi yanavunjika, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Habari njema zimeishia hapo.

Kigari kipya ulichotuachia ni kizuri, sitasema uongo. Hakili mafuta, kinawaka kwenye baridi bila kubembelezwa, na Baba nampeleka hospitali kwa starehe. Ila yeye hajagusa usukani wake. Lile gari lake kuukuu, Fića, alilitengeneza mwenyewe miaka yote kwa koleo na bisibisi, huku akipiga mluzi. Hiki alifunua boneti mara moja, akaona plastiki tupu, akaifunga. "Hiki hakinihitaji," akasema.

Tangu ulichukue Fića alikuwa akifagia gereji, akilingoja. Si ulimwambia unalipeleka Munich kutengenezwa injini?

Jana jirani yetu Budimir alikuja na picha kwenye simu yake. "Mzee Svetozar, si gari lako hili, limembeba bibi harusi wa Kijerumani?" Nilimkonyeza anyamaze, nikawa nimechelewa. Baba aliitazama picha mpaka simu ikazima.

"Wamelipaka nyekundu," akasema. "Radojka, Tiho kaliuza?"

Nilimrudishia Budimir simu yake.

Leo asubuhi amempa Budimir spana zake zote, kisha akaniambia niingize kigari gereji, mvua zinakuja.

Ukipiga simu Jumapili, nitapokea mimi. Baba amesema atakuwa amelala.

Dada yako,
Radojka