Kiapo cha Mtu wa Kanada na Mkono wa Mume Wangu

Jumapili, alasiri. Mvua ya kwanza ya mwaka.

...na ndiyo maana, daftari langu, nilikwambia juzi kwamba bado naona haya kuandika "mume wangu". Leo sioni haya. Mume wangu, mume wangu, mume wangu! Wiki ya sita sasa. Anselmi amekaa mlangoni anasahihisha kazi za wanafunzi wake, mvua inapiga bati, na kila akikuta kosa la kuchekesha anacheka peke yake. Nyumba yetu hapa mtaa wa Katuba ni chumba kimoja na jiko, na mimi naiona kubwa kuliko kanisa. Asante, Mungu wangu.

Lakini leo ninashukuru kwa jambo jingine. Niandike polepole nisiruke kitu.

Sijawahi kukuandikia kisa cha Kipushi kwa sababu kilikuwa kinaniuma. Siku Anselmi alipokwenda kwetu Kipushi na watu wake kuniposa, Baba alisimama uani amevaa koti lake la kanisani. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mkwe anapiga goti, anapiga makofi taratibu, anangoja aambiwe ainuke. Anselmi ni mtu wa Kasai. Yeye alinyoosha mkono wa kuume, akajishika kifundo cha mkono huo kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akasema "Moyo", salamu ya kwao, kama marehemu baba yake alivyomfundisha. Kwao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Baba hakuupokea.

Mkono ulibaki hewani. Niliuona kupitia dirisha la jikoni, na hata sasa nikifumba macho nauona. "Huyu hajanisalimia," Baba alisema, akaingia ndani. Mjomba Kalenga, kaka yake Mama, ndiye aliyemaliza maneno ya posa, na ndiye aliyenishika mkono hadi altareni. Nafasi ya Baba kwenye benchi la mbele ilikaa tupu.

Najua haikuwa goti tu. Tangu Katanga ijitenge na Kongo, watu wa Kasai wanatazamwa kama wageni hata wale waliozaliwa hapa. Kule mgodini kwa Baba watu wanaulizana nani kamwozesha nani binti yake. Baba ni mtu mwema, lakini naye ana masikio.

Basi nikapanga mpango. Nitamfundisha Anselmi kupiga goti, kisha tutarudi Kipushi tuanze upya. Tulifanya mazoezi jikoni, kati ya jiko la makaa na ndoo ya maji.

"Inama zaidi, monsieur mwalimu!"

"Goti hili lilisoma kwa mapadri, bibi. Linajua kuinama mbele ya Mungu tu."

Tulicheka mpaka sufuria ikaungua. Lakini nilipomtazama vizuri, niliona amepauka. Alikuwa tayari kufanya yote kwa ajili yangu. Nilimpenda sana dakika ile, na nilijionea aibu kidogo, sikujua kwa nini.

Sababu niliipata dukani kwa Madamu Rasheli.

Ninafanya kazi asubuhi kwenye duka lake la vitambaa, tangu nilipomaliza sekondari. Ni Myahudi, mjane, alikuja hapa kutoka kisiwa cha Rode, kule Ugiriki, akiwa bibi harusi kama mimi. Mtoto wa kaka yake anaishi Kanada na anataka shangazi yake aondoke huku kwenye vita. Ili kumshawishi, alikwenda kwenye nyumba yao ya nyaraka, akanakili kwa mkono kumbukumbu za zamani kuhusu Wayahudi wa kwanza waliohamia kule na haki zao, akamtumia kwa posta.

"Wengine wanatumiwa koti," Madamu alisema. "Mimi natumiwa sheria."

Macho yake hayaoni tena mwandiko mdogo. Akaniomba nizipige kumbukumbu hizo kwa mashine, kwa herufi kubwa tupu. Zilikuwa kwa Kifaransa, maana jimbo lile la Kanada ni la watu wasemao Kifaransa, ingawa aliyetawala wakati huo alikuwa Mwingereza. Nikaanza kugonga.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Myahudi. Watu wa mji wake, wengi wao Wakatoliki, walimchagua aende kwenye baraza la kutunga sheria. Alipofika aliapa kama watu wake wanavyoapa, kichwa chake kimefunikwa. Wenzake wakasema hicho si kiapo, na Myahudi hawezi kukaa nao. Wakamtoa.

Niliacha kugonga. Nikauona mkono wa Anselmi.

Halafu, nikuambie ukweli wote, nilifurahi. Nikajisemea: unaona, angeapa kama wao tu! Nikaona mpango wangu wa goti ni wa akili kabisa.

Nikageuza ukurasa.

Watu wa mji wake walimchagua tena. Safari hii aliapa kama Wakristo wote walivyoapa, neno kwa neno. Wakamtoa tena.

Madamu aliniuliza mbona mashine imenyamaza. Nilikuwa namwona Anselmi amepiga goti uani kwetu, amepiga makofi vizuri kabisa, na Baba anaingia ndani vilevile. Nilikuwa namfundisha mume wangu kuvua heshima ya baba yake, na labda bure.

Mwisho wa karatasi kulikuwa na sheria iliyowapa Wayahudi wa jimbo lile haki zote sawa na raia wengine. Ni sheria nzuri, nimeigonga kwa furaha. Lakini ilikuja baada ya miaka mingi. Yule mfanyabiashara alikuwa bado hai, ila mzee.

Sitaki sisi tungoje mpaka Baba awe mzee.

Nilimwomba Madamu nakala moja ya kaboni. "Ya nani?" "Ya baba yangu." Alinikunjia karatasi ndani ya kipande cha hariri nyeupe isichafuke njiani. Nikamuuliza kama ataenda Kanada. "Sijui, mwanangu," alisema. "Hapa ndipo nilipolala usiku wangu wa kwanza wa ndoa." Mungu ambariki, aende au abaki.

Mjomba Kalenga alikuwa na safari ya Kipushi, akaichukua ile karatasi. Leo baada ya misa amefika hapa na baiskeli yake, ameloa chapachapa, na hakutaka hata kukaa.

"Baba yako alisoma mu kusimama. Mara mbili. Akauliza, 'Mbona hii barua inapiga kelele hivi?'"

Zile herufi kubwa! Anselmi akacheka, mimi sikuweza.

"Kisha, mjomba?"

"Kisha akashika ile karatasi mupaka chai ikapola. Akasema, 'Mara ya pili aliapa kama bale bengine, na bakamufukuza. Basi haikukuwa kiapo.'"

"Ni hayo tu?"

"Ngoja, we mutoto! Akasema, 'Bakuye huku bote babili. Na ule kijana asipige goti. Anisalimie vile baba yake alimufundisha. Tutaona.' Na mama yako anasema, mukwe akishindwa kumaliza sahani yake ya bukari, hapo ndipo shida itaanza kabisa."

Nililia, daftari langu. Nililia huku nacheka, na mjomba akapata kisingizio cha kuomba chai.

"Tutaona" si "ndiyo". Najua. Na barabara ya Kipushi ina vizuizi vya askari wanaouliza kila mtu kabila lake. Mjomba ameahidi kwenda nasi, yeye mbele, sisi nyuma.

Alipoondoka, Anselmi aliniuliza taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi za wanafunzi, "Na mkono ukibaki hewani tena?"

Nikaenda kutazama maji jikoni. Sasa jibu ninalo, na nikifunga daftari hili naenda kumwambia: ukibaki hewani, nitaushika mimi, palepale uani, mbele ya Baba na koti lake la kanisani.

Lakini naamini hautabaki. Baba, kabla mwezi huu haujaisha utatuona mlangoni, wote wawili, tumesimama.