Matundu Makumi Mbili na Ine

Kashikishi, tarehe 14 mwezi wa sita 1997

Shemeki yangu Mathews,

Nilikukosea. Naisema mbele, kiisha njo nakusalimia, juu mutu mwenye anaanza na salamu mingi anafika ku makosa yake akiisha kuchoka.

Bon. Jambo sana. Uko muzima? Berthe dada yangu iko muzima? Goti yake ingali inamusumbua? Huku sie tuko bazima, paka tu mafua ya baridi, na mayi ya ziwa Mweru ilipanda mupaka karibu na meza ya Agness, ule mama anauzisha samaki pembeni ya kibanda yangu ya kuziba pancha. Anakusalimia.

Makosa njo hii. Mapine yako ine ilifika na rim zake mu kamyo ya Mutale, leo inapita wiki tatu, na mie nikanyamaza. Barua yako niliisoma vizuri. Uliandika: "Ba mulamu, weye ulitumika na mapine ya mbio kule Lubumbashi. Angalia mapine ya Bwana Nkonde, uniambie ingali na ngufu ya Saturday ngapi ku treki ya mbio. Bwana anajua jibu. Anataka kuona kama mie najua." Nilifahamu hata bile haukuandika: kama mine ya shaba ilikufukuza kazi, kama Bwana Nkonde alikupatia miezi tatu ya kukujaribu mu kazi ya kutunza motokari yake ya mbio, na kama ukikosa hii ulizo utarudia kukaa ku baraza, unaangalia bibi yako na yeye anakuangalia.

Donki, basi, kazi niliikamata na heshima. Kwanza niliangalia mistari. Shemeki, karibu nilie. Mapine ya mutu tajiri, na mistari ni kama haina! Huku kamyo ya samaki inatembea mupaka Mansa na pine laini kama kichwa ya padri muzee, lakini ile ni kamyo. Kiisha nikaona jambo ya pili. Ku kila pine kwiko matundu sita, bidogo, kama ya musumari. Nikasema mu roho yangu: huyu Bwana anapitisha motokari mu nyumba ya seremala?

Niliitia mu mayi ya ziwa. Povu haikutoka hata moja. Agness akaniuliza, "Ba Sébastien, pine yenye haitoe pumzi, unaizibia nini?" Nikamujibu, "Mama, weye uza samaki." Na nikaziba. Matundu makumi mbili na ine, moja moja, na mupira ya moto, siku mbili muzima. Saa hii ukipitisha kidole hautasikia kitu. Laini kama shavu ya mutoto.

Nilikosa juu sikukuuliza mbele, na juu nilikawiya. Nisamehe. Mapine inarudia na Mutale, pamoja na mufuko ya chisense, ile dagaa ya huku, ya Berthe. Na jibu yako njo hii: yote ine ni bijana. Bwana asiogope kitu.

Ni mie, shemeki yako mukubwa,
Sébastien


Kitwe, 27 June 1997

Ba mulamu,

Mulishani mukwai. Natumaini mafua iliisha na mayi ilirudi fasi yake. Sie tuko bazima, goti ya Berthe inapona pole pole, na ile chisense tunaikula mupaka leo. Usicheke Kiswahili yangu. Miaka sita ya Lubumbashi inaanza kuniponyoka, na leo siwezi kumuomba Berthe anisaidie, juu hii barua sitaki aione. Yeye anajua tu kama kaka yake alitengeneza mapine ya Bwana. Aliisha kuringa mbele ya bamama bote ku kanisa.

Ba mulamu, kaa chini. Umekaa?

Ile matundu haikuwa pancha. Ile njo macho ya pine. Wenye balitengeneza pine balitoboa bao wenyewe, na haifike ndani, juu mutu aangalie: tundu ikingali refu, pine ingali na maisha, tundu ikipotea, pine imekufa. Nilikuuliza ulizo moja, na jibu yake ilikuwa mu ile matundu. Weye ulikamata kitabu, ukapaka rangi juu ya maandiko yote, kiisha ukaniandikia kama kitabu ni kizuri.

Mimi pia sikujua. Nilipoona barua yako inakawiya nilienda kuuliza muzee moja wa treki, na yeye njo alinifungua akili. Mistari haiko mingi juu hawakuiweka mingi. Pine ya kamyo inakufa na muzigo. Pine ya hii motokari inakufa na moto na kona. Saturday Bwana hashindane na mutu, anazunguka tu na saa yake, anatafuta kujishinda mwenyewe. Treki yetu inapinda sana kuume, donki pine ya mbele ya kushoto njo inakula pigo yote, tena ku bega ya inje. Utaangalia katikati, utasema ni muzuri, kumbe bega imekwisha kama soli ya mutu mwenye anakokota muguu. Na ukiona bidonge-bidonge ya mupira imebandika juu, usiseme ni ugonjwa. Ni uchafu ya treki, unakwangua na kisu.

Bwana alinikubalia nionyeshe mapine kwa mutu mwenye anajua. Sikumutajia jina. Aliandika na chaki ku kila pine fasi yake: ya mbele, ya nyuma, kushoto, kuume. Ba mulamu, chaki ilienda wapi?

Nilijaribu kuzibua tundu moja na sindano ya Berthe. Sindano ilivunjika. Kazi yako iko na ngufu, ile siwezi kukatala.

Sasa uniambie kweli mbele ya 12 July, juu ile Saturday Bwana anatoka na hii mapine: ulifanya kitu kingine? Inang'aa sana. Na imbwa ya Bwana inakuya kuilamba.

Mulamu wako,
Mathews


Kashikishi, tarehe 5 mwezi wa saba 1997

Shemeki,

Jambo yako na ya Berthe. Mafua iliisha, lakini tangu barua yako ifike sisikie njaa, hata Agness ameanza kunihurumia, na yeye hahurumiake mutu.

Imbwa iko na haki.

Chaki niliosha na sabuni. Nilifikiri ni batoto balichezea mu njia. Kiisha nikafanya bile tunafanyaka sie bote huku. Kashikishi, ukisimamisha pine ku barabara bila kuipaka mafuta, batu banaipita, banasema ile imekufa. Donki tunapaka mafuta ya samaki, ile inabakia juu ya chungu wakati ya kuchemusha bichwa, tunachanganya na masizi. Inang'aa kama kiatu ya askofu. Kamyo inatoka nayo, vumbi inakamata, mbele ya kufika Mbereshi mafuta imekwisha, hakuna mutu alikufa.

Yako nilipaka mara tatu. Batu bengine nabapaka mara moja, lakini weye ni shemeki. Na sikupaka ku mbavu tu. Nilipaka fasi yote, hata kule kunakanyaga chini, nikaiacha mu jua siku ine inywe vizuri.

Tafazali, Bwana asipande! Osha na mayi ya moto, sugua na muchanga, osha tena. Hii barua naipatia Mutale leo leo, anasema Alhamisi iko Kitwe.

Usiniwaze vibaya. Kwa Mugriki, patron yangu wa zamani kule Lubumbashi, mapine ilikuwa ya namna ingine.

Shemeki yako,
Sébastien


Kitwe, 16 July 1997

Ba mulamu,

Nawasalimia. Afya iko, Mungu asifiwe. Ingine yote haiko.

Barua yako ya tarehe 5 ilifika Monday, tarehe 14. Mutale alivunja springi karibu na Mansa, akakaa mu njia wiki muzima. Saturday ilikuwa imepita.

Nakuelezea bile ilikuwa. Asubui Bwana aliinama, akapitisha kidole fasi matundu ilikuwa, akaniangalia, akasema, "Tutaona." Neno moja tu. Akavaa kofia yake, akatoka.

Mizunguko mbili ya kwanza alienda pole pole, kupashia mapine moto. Ya tatu akafungua. Ba mulamu, pine ikishika moto, mafuta yako ikaamuka. Moshi kidogo, ya bluu, na harufu! Treki muzima ikaanza kunusa. Mama moja akauliza, "Nani anakaanga pale?" Muzungu moja alitoka mu kantini na sahani mu mukono, akatembea pembeni ya barabara, anatafuta jiko. Mie nikasimama pale na taulo ya Bwana ku bega, nikawa nasali mu Kibemba, mu Kizungu, na mu Kiswahili.

Ku kona ya kuume motokari haikukubali. Haikupiga kelele, hapana. Iligeuka tu na adabu, ikatangulisha matako, ikaingia mu majani, ikapanda kichuguu, ikakaa pale pua juu kama kuku yenye inakunywa mayi.

Bwana alitoka muzima, hata alama haina. Alivua kofia. Akapanguza pine na kidole, akanusa. Kiisha, naapa mbele ya Mungu, akatia ile kidole mu kinywa.

"Mathews."

"Bwana."

"Hii ni mafuta ya samaki. Ya Mweru."

"Awe, hapana, Bwana, labda ni grizi ya…"

"Mathews! Mie nilizaliwa Kazembe, karibu na ile ziwa. Utanidanganya na samaki?"

Batu bakacheka, hata yeye akacheka. Nikafikiri nimepona. Lakini wakati ya kurudia nyumbani alisema hivi, mu sauti ya chini: "Samaki nimesamehe. Kichuguu nimesamehe. Lakini kwiko mutu aligusa mapine yangu, na weye unamuficha. Siwezi kutoka na maisha yangu juu ya kazi ya mutu sijui. Mbele mwezi huu uishe unionyeshe yeye, ao unirudishie funguo ya gereji."

Nilikatala kukutaja, tarehe 12 na leo tena. Weye ni mukubwa wa bibi yangu, na mukwe haweke mukwe mwenzake mu kinywa ya batu. Kama ni kuacha funguo, nitaacha. Lakini Berthe ananiangalia nikila, anasema, "Mbona unameza kama mutu wa musiba?"

Nakuomba kitu moja tu. Kwa ule Mugriki, ile miaka ine yote unasemaka, ulifanyaka nini?

Mulamu wako,
Mathews


Kashikishi, tarehe 23 mwezi wa saba 1997

Shemeki yangu Mathews,

Jambo. Natumaini bazima. Mie mwili iko muzima.

Nilisomea Agness barua yako, juu ilikuwa nzito kuibeba peke yangu. Alicheka mupaka akaangusha beseni. Akaweka samaki bote mu beseni tena, akapanguza macho, akaniambia, "Ba Sébastien, nakujua miaka kumi. Weye ukiulizwa mulango ya mbinguni inafunguka upande gani, utajibu, tena utaonyesha na kidole." Nikataka kukasirika. Sikupata fasi ya kuanzia.

Donki sikia. Haikuwa miaka ine. Ilikuwa miezi mbili. Na haikuwa kazi ya mapine. Siku ya mbio nilikuwa nasimama pembeni na ndoo na kitambaa, napanguza bioo. Mara moja Mugriki aliniambia nibiringishe pine, niipeleke upande ingine ya piste, ile munaita treki. Niliibiringisha. Ile njo historia yangu yote na mapine ya mbio, Shemeki, inaweza kuandikwa ku kichwa ya kibiriti.

Lakini siku ya ndoa yenu baba yako aliniuliza mbele ya bazee, "Na weye, kaka wa bibi-arusi, unafanyaka kazi gani?" Nikaona suti ya batu ya Kitwe, nikaona kiatu yangu. Nikasema, "Fundi wa mapine ya mbio." Bakapiga makofi. Tangu ile siku neno "sijui" inanikwama hapa, mu shingo. Ulipotuma mapine, ile neno moja ingetosha. Nilipoona povu haitoke, nilijua kama sijui. Niliziba juu niliona haya kurudisha mapine bila kuigusa. Na mafuta mara tatu, ile haikuwa mapendo. Nilitaka Bwana Nkonde aulize, "Nani huyu fundi?" Basi, aliuliza.

Weye ulinificha na kazi yako. Mie nilikuwa najificha na uongo yangu, na kazi yako ndani yake. Ile haiwezi kuendelea hata wiki mbili.

Usirudishe funguo. Nimeongea na Mutale, na springi niliiangalia mie mwenyewe… hapana. Springi aliiangalia mutu anajua springi. Tunatoka huku Jumanne, tarehe 29. Jumatano nitalala kwenu, na mbele ya kugusa chakula nitamuambia Berthe ile ya ndoo na kitambaa, mie mwenyewe, na sitaki unisaidie. Nikianza kupamba maneno, unikanyage muguu chini ya meza.

Kiisha Alhamisi, tarehe 31 ya mwezi huu wa saba, saa mbili ya asubui, nitakuwa nimesimama ku mulango ya Bwana Nkonde. Usiingie na mie. Nitamuambia jina yangu yote na ya baba yangu, kama ni mie niliziba, ni mie nilipaka, na kama Mathews hakujua kitu mupaka mapine ilirudia kwake. Akiuliza juu ya nini, nitamujibu juu sikujua na niliona haya kusema. Nitamuomba kiti, nitazibua matundu yote mbele yake, pole pole, hata kama ataitupa ile mapine saa ile ile. Na akiniuliza kitu kingine, chochote ya motokari, nitasema sijui.

Alhamisi, saa mbili.

Kaka wa bibi yako,
Sébastien