Mkia wa Mstari wa Kioda

Ngumbo, Jumamosi. Jua kali, Ziwa Nyasa limetulia. Mimi sijatulia.

Nimerudi likizo kutoka chuoni nikamkuta mdogo wangu Skola, aliyeko kidato cha pili, akitaka kuacha kioda, ngoma aliyoipenda tangu utotoni. Sababu ina jina: Anjela, mshika filimbi wa kikundi cha kioda cha wasichana shuleni kwao. Wenzake humbebea ndoo ya maji kutoka ziwani. Skola alikataa kuibeba. Tangu siku hiyo amewekwa mkiani mwa mstari, na likatoka agizo: atakayecheka naye atahamia huko huko.

Mama anasema, "Mambo ya kitoto hayo, mwanangu. Yatapita."

Yatapita juu ya mgongo wa nani?

Nakataa kuita utoto kile ambacho kwa watu wazima tungekiita udhalimu. Msichana mmoja huamua nani asalimiwe, na kundi zima hutii, si kwa kumpenda, bali kwa hofu ya kuwa Skola wa kesho.

Leo nilimsihi aende mazoezini, nami nikaenda kutazama. Kwa desturi ya kikundi chao, mlio mrefu wa filimbi hugeuza mstari mzima kurudi ulikotoka. Ngoma ilipokolea, Anjela akaipuliza kwa mazoea. Wote wakageuka. Wa mkiani akawa wa mbele.

Alikuwa amesahau alimweka nani kule.

Skola hakusita. Akanyoosha shingo, akachezesha mabega, akawaongoza kuuzunguka uwanja.

"We Skola! Nani kakuambia uongoze?"

"Filimbi yako, dada."

Wazazi waliokuwa pembeni wakaangua kicheko. Anjela akapuliza tena, kwa hasira, kuwarudisha. Wengi wakarudi. Skola hakurudi. Nyuma yake walibaki wasichana wawili, woga umewajaa usoni, lakini miguu inacheza.

Wawili! Sitawadharau kwa uchache wao. Agizo lililovunjwa mchana kweupe, hata na wawili, halitatamkwa tena kwa sauti ile ile.

Sijui Jumatatu watalipizwa nini darasani. Najua tu kwamba mazoezi yajayo nitakwenda na Mama, akaone kwa macho yake hicho anachodai kitapita.

Jioni hii Skola ameosha raba zake nyeupe za kioda, ameziegemeza ukutani zikauke. Hakuniuliza kama aende.