Bwana Yupi?

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia chooni, kanisani. Nimeaibika!

Si unajua tunavyoomba, kila mtu kwa sauti yake? Nikafumba macho, nikazama. Mchungaji kasema amina, watu kimya, mimi sina habari! Kanisa zima likanisikia peke yangu: "Bwana, rudi! Mbona umeniacha na nyumba tupu?"

NYUMBA TUPU. Nimesema hivyo!

Na ni wewe tu unayejua mume wangu kaondoka. Hawa wa kanisani, miezi minne sasa nawaambia yuko safari ya kikazi. Kila Jumapili "Bwana asifiwe," naitikia amina kama sina neno.

Basi wengine wakaanza kulia. Mzee wa kanisa akasema, "Dada yetu ana kiu ya Mungu!" Kiu ya Mungu, mimi! Wala sijui nilikuwa namwita Bwana yupi. Labda wote wawili. Hakuna anayejibu.

Nikatoka mbio. Mama mkwe akanifuata. Nikajua nimekwisha.

Yuko nje ya mlango sasa hivi. Kagonga taratibu, kasema: "Fungua, mwanangu, tukamalizie maombi. Hata mimi simu zangu hapokei."