Kalunguyeye kwenye Tangazo la Kaka Yangu

Shangazi Vangelia mpendwa, nakuomba unisaidie maana nyumbani hatusalimiani, kaka yangu Encho anatimiza mwaka tangu afariki na kwa desturi yetu lazima tubandike mlangoni tangazo la kumbukumbu, picha yake na shairi chini, na wifi yangu Pavlina anataka kuchagua shairi kwenye kitabu cha mashairi ya mpiga chapa, lilelile lililo kwenye kila mlango na kila nguzo mtaani kwetu, ila mimi nimetunga langu, na ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu linamhusu Tsoko, kalunguyeye wa kitabu chetu cha utotoni, yule anayetamani kuona theluji lakini kila mwaka usingizi wa majira ya baridi unamshinda. Encho ndiye aliyekuwa akinisomea, mama akiwa zamu kiwandani, na Tsoko alimwigiza kwa sauti ya puani mpaka nashika mbavu. Nimeandika hivi:

Tsoko, theluji yashuka, mlima wajifunika,
Lala, usije amka, dirishani nimefika,
Yote nitayakumbuka, nikuhadithie, kaka.

Mama aliposoma alikirusha kikaratasi mezani. "Wewe Zdravka, umerukwa na akili? Mwanangu ameendesha malori mpaka Uturuki, leo unamfanya mnyama wa miiba! Watu watatucheka!" Pavlina naye, "Jamani wifi, kwani lile la kawaida lina ubaya gani?" Nimelia mno. Je, niliache? Naona nikiliacha nitakuwa namkumbuka mtu mwingine kabisa.

Zdravka, Tryavna

Zdravka mwanangu, pole sana. Nimelisoma shairi lako mpaka chai yangu imepoa. Sasa tulia, maana nitakukaripia kidogo.

Pavlina ni mjane. Tangazo la nyumba ni lake. Akitaka la kitabuni mwachie, wala usimnunie. Lakini tangu lini marehemu akawa na tangazo moja tu? Wenzake wa malori watabandika lao. Nawe bandika lako, uandike chini "Dada yake", basi.

Kosa lako ni hili: umempa mama shairi la Tsoko, naye huyo Tsoko hamjui. Angemjulia wapi? Nyinyi mkicheka kitandani, yeye alikuwa kiwandani amesimama kwenye mashine ili mle. Wewe unakumbuka sauti ya kaka yako. Yeye umemwonyesha usiku ambao hakuwepo. Unashangaa nini akikasirika?

Jumapili chukua kitabu cha Tsoko umwendee mama. Usijitetee, shairi usilitaje. Msomee kitabu chote, kwa ile sauti ya puani, hata kama unaona haya. Akicheka, endelea. Akilia, endelea vilevile. Ukimaliza, muulize kama anataka naye aandikwe pamoja nawe kwenye tangazo lako. Akikataa, usibishane naye. Bandika peke yako.

Na hao majirani waache wacheke. Encho yuko kaburini mwaka mzima, na bado atakuwa anachekesha mtaa. Huyo ndiye kaka yako.